Nani Atangulie kwa Firauni

Wanangu, nasikia mnasomea utalii pale chuoni Ibra, na mnafundishwa kumpokea mgeni kwa tabasamu na kumweleza urefu wa mnara wa ngome ya Nizwa. Vizuri. Mimi sikusomea. Nimepeleka watu safari tangu ujana wangu mpaka magoti yaliponiambia basi. Kwanza Makka na Madina, halafu Zanzibar, halafu kila pahala ambapo mzee wa kwetu aliyestaafu akipaona kwenye televisheni humwambia mkewe, "Na sie twende." Kwa hivyo nipeni masikio kidogo, maana yako mambo ambayo walimu wenu, Mungu awape umri, hawajakutana nayo.

La kwanza ni vyoo. Hakuna atakayekumbuka ulimwambia nini kuhusu mfalme fulani na vita vyake. Lakini mtu akibanwa katikati ya jangwa na choo hakuna, atakukumbuka mpaka kaburini, na jina lako atalitaja kila harusi. La pili ni tende. Mpe mzee tende kabla hajaanza kulalamika, kwa sababu mdomo mmoja haufanyi kazi mbili. La tatu ni milango, na hilo ndilo lililonikalisha leo niwaandikie.

Kazi niliianza kwenye hamla, yaani msafara wa watu wa umra, chini ya Bwana Suleiman, Mungu amrehemu. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ndefu. Aliniajiri niwaangalie wanawake, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akiwaogopa. Siku ya kwanza tu aliniambia, "Salma, usihesabu watu, hesabu viatu. Watu wanatembea, viatu vinangoja." Nikaifuata kanuni yake kama ilivyo, mpaka siku moja Madina viatu vikatimia na watu hawakutimia. Mabibi wawili walikuwa wametoka na ndara za hoteli, wako sokoni wananunua mazulia. Bwana Suleiman hakunigombeza. Alifikiri sana, akasema, "Basi tangu leo hesabu viatu, kisha uwahesabu na waliovivua."

Kanuni yake nyingine sikuielewa kwa miaka mingi. "Mlango wowote mtakaoufikia," alisema, "uupite wewe mwanzo. Usiwaachie wao. Watu wetu wanaweza kuvuka jangwa, lakini hawawezi kuvuka kizingiti." Nikadhani anapenda tu mambo yaende haraka. Nyinyi mnaijua hali ya majumbani kwetu. Wanaume wawili wakifika mlango wa barza, mmoja husema tfadhal, yaani pita, mwenziwe husema la wallahi, wewe kwanza, na wali unapoa ndani. Nyumbani lakini huwa kuna mtoto wa watu mwenye njaa, atawapenya katikati, na mambo yakaisha. Safarini mtoto huyo hayupo.

Siku hizi kazi imebadilika. Zamani tulibandika tangazo mlangoni mwa msikiti na kila mtu akaja kwa wakati wake. Leo kuna grupu la simu. Unaandika kwamba basi linaondoka saa kumi na moja alfajiri, unajibiwa kwa picha ya waridi na dua ya Ijumaa, na siku yenyewe wewe na dereva mnatazamana.

Sasa njooni Misri.

Kusini kabisa ya Misri, karibu na Sudan, kuna hekalu lililochongwa ndani ya jabali, Abu Simbel. Firauni Ramsisi ndiye aliyelichongesha. Mlangoni kakaa yeye mwenyewe mara nne, masanamu makubwa kupita nyumba zetu, kana kwamba aliogopa mmoja hatamtosha. Ukiingia unapita ukumbi wa nguzo, ukumbi mwengine, na mwisho kabisa, ndani ya tumbo la jabali, kuna chumba kidogo chenye masanamu manne yaliyokaa kizani. Mara mbili kwa mwaka jua likichomoza hupita moja kwa moja mlangoni likafika mpaka kwenye chumba kile, likayamulika kwa dakika chache. Halafu mwanga huanza kurudi nyuma, ukumbi baada ya ukumbi, mpaka utoke. Siku yenyewe watu hujaa kama Mina wakati wa Hija. Mjanja huenda siku moja kabla. Jua huingia vilevile, na nafasi ya kupumua ipo.

Aliyetaka safari hii ni Bi Zuwena wa Ibra, mwalimu mstaafu, bibi aliyenyooka kama rula. Alinijia nyumbani na kanga yake juu ya abaya, akakataa kahawa, nikajua jambo ni zito. Presha ya macho ilikuwa imeshalimaliza jicho lake la kushoto. La kulia alikuwa akionea kama mtu anayechungulia tundu ya ufunguo, na daktari wa Maskati amemwambia tundu hiyo nayo inafunga, haitafika majira ya joto.

"Salma," akaniambia, "nipeleke nikalione jua lile kabla halijafunga."

"Bi Zuwena, shikamoo, lakini wajukuu zako je? Si bora uwatazame hao?"

"Wajukuu zangu nawajua walivyo. Wote wamechukua pua ya babu yao. Nipeleke Misri."

Akanieleza kwamba alipokuwa mwalimu kijana Unguja, alikuwa akilichora hekalu lile ubaoni kila mwaka, kwa chaki, kutoka kwenye picha ya gazeti. Hakupata kuliona. Sikuuliza zaidi, nikatangaza safari, waridi zikamiminika kwenye grupu.

Katika waliojiandikisha walikuwemo wazee wawili ambao lazima niwatambulishe vizuri. Sheikh Nasor ni wa Nizwa, mnene, mwenye ndevu za kutunzwa. Sheikh Khalfan ni wa Sur, mwembamba, mwenye bakora ambayo haitumii kutembelea bali kusisitizia maneno. Mtoto wa kiume wa Nasor kamuoa binti wa Khalfan. Tangu ndoa ile wazee hawa wawili wakawa na adabu isiyovumilika. Wakiwa katika basi moja hakuna anayekubali kukaa mbele, kwa hivyo viti vya mbele hukaliwa na vikapu vyao tu. Na wote wawili, wakiwa watoto wadogo Unguja, waliketi darasa la kwanza mbele ya Bi Zuwena. Yeye alikumbuka nani kati yao alikuwa akila chaki. Wao walikana wote wawili.

Njia nzima, jangwa kulia na jangwa kushoto, walikuwa wakijadili suala la mguu. Msikitini tunaingia kwa mguu wa kulia, chooni kwa wa kushoto. Nyumba ya Firauni ni mguu gani? Sheikh Khalfan alisema kushoto, bila shaka, tena na dua ya chooni. Sheikh Nasor alisema dua ya chooni ni ya chooni, hapa pasomwe dua ya kuingia sokoni, maana kuna watalii. Tulipofika walikuwa wamekubaliana mguu wa kushoto, na dua kila mtu na yake. Nikashukuru Mungu, nikadhani shida ya mlango imekwisha.

Pale kwenye ukaguzi mimi nikazuiwa. Mmoja wa mabibi zetu alikuwa amenipakatisha bakuli la halua ya Nizwa, na askari hakupata kuona kitu cheusi, kizito, kinachotetemeka. Akakichoma kwa kalamu. Kalamu haikutoka. Nikiwa nagombania halua na kalamu, wenzangu walitangulia, wakaufikia mlango wa hekalu bila ya mimi. Bwana Suleiman alijigeuza kaburini mwake, nina hakika.

Nilipowafikia, bakuli kwapani, nilisikia sauti ambazo nilizijua kabla sijaona nyuso.

"Tfadhal, ya sheikh Khalfan."

"La, tfadhal wewe, sheikh Nasor."

"Haiwezekani abadan. Nyie mmetupa binti, sie tumepokea. Mwenye kutoa hutangulia."

"Mwenye kutoa ni kama mwenye nyumba, na mwenye nyumba huingia nyuma ya mgeni wake."

"Hapa nani mwenye nyumba, yakhe? Nyumba ya Firauni hii!"

"Basi wallahi l'adhim, sitii mguu mbele yako."

"Na mie wallahi l'adhim, sitii mguu mbele yako!"

Viapo viwili vimekaa mlangoni, kila kimoja kimekifunga chenziwe. Nyuma yao kundi letu zima limesimama, na hakuna hata mmoja atakayewapita, kwa sababu kuwapita wazee wawili mlangoni ni aibu ambayo kwetu hurithiwa. Nyuma ya kundi letu, watalii. Nyuma ya watalii ziwa, na juu ya ziwa mbingu imeshaanza kuwa nyekundu.

"Masheikh," nikasema, "jua!"

"Tunaliona, mama," akajibu Sheikh Nasor kwa upole. "Lakini kiapo."

Nikafikiri haraka. Nikawaambia mmoja avunje kiapo chake, kisha alishe maskini kumi iwe kafara, tuingie. Wakaona ni rai njema.

"Nitavunja mie," akasema Sheikh Khalfan.

"Uvunje wewe kwa ajili yangu? Wallahi huvunji! Navunja mie."

"Wallahi na wewe huvunji!"

Sasa kila mmoja alikuwa na viapo viwili. Nikawa natamani kukaa chini.

Kutoka nyuma mtu wa kundi letu akatia neno ambalo hakuna aliyemuomba. "Lakini mashekhe, si Firauni ndiye atakayewatangulia watu wake Motoni siku ya Kiama? Sasa nyie mnasukumana nani atangulie wapi?"

Sheikh Khalfan akainua bakora, akamtazama mkwewe kwa jicho jipya. "Kumbe huko ndiko unakonitanguliza, Nasor?"

"Astaghfirullah! Mie nakuheshimu!"

"Heshima ya Motoni?"

"Si wewe ulonambia mie kwanza, tfadhal?"

Hapo akaja mlinzi wa hekalu, Mmisri wa makamo, kajifunga kilemba, mkononi ufunguo mkubwa kama mwiko wa pilau. Akauliza kwa Kiarabu chao kuna nini. Nikamweleza. Nikamuomba, kwa hisani yake, aingie yeye wa mwanzo, ili isiwe mmoja wa wazee hawa kamtangulia mwenziwe, nao wafuate tu. Mlinzi akaweka mkono kifuani, macho yakamlengalenga kwa ukarimu.

"Mimi niwatangulie wageni wangu? Mke wangu kaachika nikiingia kabla yenu!"

Nikashika kichwa. Nyinyi hamjaishi na Wamisri. Sisi tukiapa tunaapa kwa Mungu na kafara ipo. Wao huapa kwa talaka, hata kwa kikombe cha chai. Sheikh Nasor, ambaye mambo ya dini huyachukua kwa uzito popote alipo, akasahau ugomvi wake akamuuliza, "Hiyo talaka ya ngapi, ndugu yangu?"

Mlinzi akafungua mdomo kujibu, akahesabu kimoyomoyo, rangi ikamtoka usoni. "Ya tatu," akasema. "Ya kwanza ilikuwa ya chai. Ya pili ilikuwa ya mpira." Akaanza kutusihi kwa machozi tuingie, kwani kazi yake iko humo ndani, talaka ya tatu haina marejeo, na mkewe ni mtu mwema na ndiye mama wa watoto wake wote.

Watalii nao walikuwa wameanza kupiga picha. Mzungu mmoja mrefu mwenye kofia pana akaniuliza kama ibada hii ni ya tangu zama za mafirauni. Kabla sijapata jibu, akamgeukia mkewe, akainama, akampisha. Mkewe naye akainama, akampisha. Walio nyuma yao wakaiga. Ndani ya muda mfupi mlolongo wote mpaka ziwani ulikuwa watu wanaopishana kwa adabu kubwa, na hakuna mguu hata mmoja uliokwenda mbele. Hekalu lilikuwa tupu. Kwa miaka yangu yote ya kazi sikupata kuona mlango uliokuwa wazi kiasi kile usiopitika.

Bi Zuwena alikuwa kanishika mkono.

"Salma, limefika wapi?"

"Linagusa vilemba vya masanamu, Bibi."

"Sasa?"

"Nyuso."

"Sasa?"

Jua lilikuwa limeshapita juu ya mabega yetu, limeingia ndani peke yake, wala halikuapa. Dakika zake zilikuwa chache, na sisi tulikuwa tunazimaliza kwa adabu. Nilitaka kulia, nilitaka pia kuwapiga wale wakwe kwa bakuli la halua, mmoja mmoja kisha wote pamoja.

Bi Zuwena akaniachia mkono. Akajinyoosha. Akapiga makofi mawili.

"Darasa!"

Sauti ile, wanangu, haikuwa ya bibi wa miaka themanini. Iligonga jabali ikarudi. Mlinzi aliangusha ufunguo.

"Nasor! Kofia sawasawa! Khalfan, weka chini hiyo fimbo, unataka kumtoa mwenzio jicho? Nyote, mstari! Wawili wawili, shikaneni mikono. Sitaki kusikia mtu anazungumza. Mguu wa kushoto, pamoja. Moja, mbili!"

Na wazee wale wawili, wenye wajukuu na pensheni na nyadhifa zilizopita, wakainamisha vichwa, wakashikana mikono kama walivyoshikana miaka sitini iliyopita kwenda mabombani kunywa maji. Wakainua mguu wa kushoto, wakaukanyaga ndani kwa pamoja. Hakuna aliyemtangulia mwenziwe. Viapo vyote vikabaki salama. Mlinzi akaokota ufunguo wake akaubusu. Nyuma yao kundi letu likaingia wawili wawili, na nyuma ya kundi watalii wote, mikono wameshikana, yule Mzungu mrefu akiongoza kwa mguu wa kushoto.

Nikamvuta Bi Zuwena. Hakusogea.

"Mwalimu huingia mwisho," akasema. "Mtoto asije akapotea."

"Bibi, jua linaondoka! Hao si watoto, yule ana kitambi!"

"Mwisho, Salma."

Basi tukasimama pembeni mpaka wa mwisho akapita. Nilikasirika. Yeye ndiye aliyeufungua mlango ule, na sasa kila mtu yuko ndani anatazama isipokuwa yeye. Tulipovuka kizingiti na kufika katika ukumbi wa nguzo, tulikutana na mtalii mmoja anarudi, anafunga kamera yake. Akatikisa kichwa kwangu. Nikaelewa kule mwisho kumekwisha, masanamu yamerudi kizani.

Nikatafuta maneno ya kumwambia. Miaka yote ile nimewaambia watu basi limeharibika, hoteli imejaa, mzigo umepotea. Hili sikulizoea.

"Usiniambie," akasema Bi Zuwena. "Naliona."

Alikuwa anatazama chini. Pale sakafuni, mbele ya miguu yetu, kulikuwa na mwanga mwekundu, upana wa mkeka, umetoka kule ndani unarudi mlangoni. Sisi tunaingia, wenyewe unatoka. Akatia mguu ndani yake, kisha wa pili, ukampanda mpaka kiunoni. Akaninong'oneza, kama mtu anayeogopa kuushtua.

"Unajua nilikuwa nikiwaambia nini watoto wale? Gazeti lilisema jabali hili litakatwa vipande, lihamishwe, maji ya bwawa jipya yasilimeze. Nikachora ubaoni, nikawaambia kwa yakini kabisa, wakilihamisha jua halitaijua tena nyumba yake. Litapita tu. Khalfan akalia. Baadaye na sie tukahama, kila mmoja na njia yake. Mie nikafika Ibra sijui hata pa kuchota maji. Na kila nikifikiri, namkumbuka yule mtoto analia, na mie sikumwambia kitu." Akainamisha kichwa kuitazama miguu yake iliyowaka. "Kumbe linaijua, Salma. Nyumba imehamishwa, na linaijua."

Nililia, sioni haya kuwaambia. Mama yangu alizikwa Ibra akiulizia mpaka mwisho kama mshelisheli wa nyumba yetu ya Unguja bado unazaa, na hakuna aliyemjibu.

Mlinzi akaja kutuambia tusogee, watu wanataka kutoka. Nikamwambia, "Huyu ndiye aliyekurudishia mkeo." Akauficha ufunguo nyuma ya mgongo, akasimama kando kama askari wa lindo. Kutoka ndani zilikuwa zinasikika sauti mbili, "Tfadhal," "La wallahi, wewe kwanza," wakwe wanatoka. Bi Zuwena hakuwageukia.

Mwanga ulikuwa unarudi polepole, nasi tukarudi nao. Ukisogea, anasogea. Ukitoka kidogo kwenye pindo la kanga yake, anapiga hatua aurudie, mimi nimemshika kiwiko, mpaka ukatufikisha mlangoni, ukatutoa nje. Jua lilikuwa limepanda juu ya ziwa, kali, halitazamiki. Yeye akaligeukia, akalitazama kwa jicho lake lile moja, wazi kabisa, bila kupepesa.

"Bibi, funga jicho, utaliumiza."

"Niache, Salma," akasema. "Naliwekea nini akiba?"

Nikamwacha.